Miguu ina ganzi? Muulize na tumbo

Mama wa miaka 58 aliingia chumbani kwangu amevaa ndala moja. Nyingine ilikuwa imemvuka koridoni bila yeye kujua, mjukuu ndiye aliyeiokota na kumfuata nayo. Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, kituo cha afya kimoja huko wilayani, foleni imefika hadi chini ya mwembe. Faili lake lilisema kisukari, miaka tisa. Nikaona jibu liko wazi, kisukari kimekula neva. Nikaandika amitriptilini ya usiku, dawa ya maumivu ya neva, nikamwambia apunguze ugali, nikaita mwingine. Aliporudi baada ya miezi mitano alikuwa anatembea na fimbo.

Nawaandikia ninyi watarajali na matabibu mnaoripoti vituoni sasa hivi, maana kosa lile kulirudia ni rahisi mno. Sukari ilikuwa na sehemu yake, sikatai. Lakini nusu ya jibu ilikuwa tumboni: upungufu wa vitamini B12, ambayo neva zinaihitaji, na sikuuliza hata swali moja la tumbo.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa zamani pale kituoni. Alimwambia yule mama, "Kesho njoo na dawa zote unazomeza, hata za dukani." Kesho yake akamimina kikapu juu ya meza yangu: metformini ya kisukari, vidonge vya presha, na pakiti tupu za omeprazoli zilizofungwa kwa mpira kama karata. "Hizi za vidonda, mwanangu. Nisipomeza tumbo linawaka." Tangu lini? "Tangu msiba wa baba yao." Msiba wenyewe ulikuwa na miaka sita. Hakuna mahali kwenye faili palipoandikwa omeprazoli, kwa sababu hakuna aliyemwandikia. Alianza mwenyewe dukani na akaendelea.

Turudi kidogo darasani. Vitamini B12 iko kwenye nyama, maini, dagaa, mayai na maziwa, lakini imeshikamana na protini ya chakula. Asidi ya tumbo ndiyo husaidia kuibandua. Ukuta wa tumbo hutoa pia protini nyingine, ile mliyoisoma chuoni kama intrinsiki fakta, ambayo huishika B12 na kuisindikiza hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na hapo ndipo inapopokelewa. Safari ndefu hiyo, na inaweza kukatika popote. Omeprazoli ikimezwa miaka inapunguza asidi. Kinga ya mwili ikishambulia ukuta wa tumbo, au tumbo likikatwa kwa upasuaji, msindikizaji anakosekana. Kifua kikuu cha utumbo, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), au kukatwa kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, mpokeaji ndiye hayupo. Metformini nayo ikitumika miaka mingi hupunguza upokeaji huko mwishoni. Yule mama alikuwa na dawa mbili, moja imekata mwanzo wa safari, nyingine mwisho.

Kinachotupoteza wengi ni muda. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka, mara nyingi miwili hadi mitano, kwa hiyo mgonjwa hawezi kuunganisha ganzi ya leo na tumbo lililopasuliwa zamani. Mpandishe shati uone. Kovu la katikati ya tumbo limewahi kunieleza mengi kuliko mwenye tumbo.

Sasa maneno ya wagonjwa, maana hakuna atakayekuambia ana tatizo la neva. Atasema miguu inakufa ganzi, inachomachoma kama pini, inawaka moto usiku, au anatembea kama amekanyaga pamba. Huyo wa pamba msikilize sana. Yule mama aliniambia jambo nililolipuuza mara ya kwanza: akinawa uso asubuhi anayumba, na umeme ukikatika usiku haendi chooni mpaka amshike mtu. Kumbe alikuwa ananifanyia uchunguzi mwenyewe. Miguu ikishindwa kuuambia ubongo iko wapi, macho ndiyo yanashika usukani. Akiyafumba kwa maji ya kunawa, au giza likiingia, anapoteza mizani. Msimamishe miguu pamoja, mwambie afumbe macho, na wewe simama karibu umdake. Kisha chukua ule uma wa chuma unaovuma ukigongwa, wa herzi 128, uweke kwenye kidole gumba cha mguu. Ukiwa bado unavuma na yeye anasema umenyamaza, au hakuusikia kabisa, usimrudishe nyumbani na dawa ya maumivu tu. Kama kituo hakina uma huo, kishike kidole gumba kwa pembeni, kipandishe na kukishusha, akuambie kimeenda wapi bila kutazama.

Upande wa maabara, wengi wetu hatuna kipimo cha B12. Tunayo picha kamili ya damu, na chembe nyekundu zikiwa kubwa, kama inavyotokea B12 ikikosekana, yaani MCV (wastani wa ukubwa wake) imepita 100, tunashtuka. Vizuri, ila isikufunge macho. Neva zinaweza kuharibika damu ikiwa haina shida yoyote. Na huku kwetu kwenye minyoo ya safura, mgonjwa anaweza kukosa chuma na B12 kwa pamoja: upungufu mmoja unazifanya chembe ziwe ndogo, mwingine ziwe kubwa, wastani unatoka mzuri kabisa kwenye karatasi. Kama historia na miguu vinasema B12, piga simu hospitali ya rufaa, usisubiri damu ikubaliane nawe.

Na tafadhali, usimpe foliki asidi peke yake eti damu imepungua. Damu itapanda, mtafurahi wote, huku neva zinaendelea kufa.

Mama tulimwanzishia haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, miligramu 1 kwenye msuli, siku moja sindano, siku moja mapumziko, mpaka tulipoona hakuna nafuu mpya inayoongezeka, ndipo tukaenda kwenye sindano moja kila miezi miwili. Metformini hatukuisimamisha, sukari yake ilikuwa inaihitaji. Omeprazoli ndiyo tuliyoikalia kikao: tukampima bakteria wa tumbo, tukawatibu, tukaipunguza taratibu. Wagonjwa wanaipenda ile sindano nyekundu, wengine wanaiomba hata kwa uchovu wa shamba. Wekundu wake unatokana na kobalti. Kabla B12 haijajulikana, mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Boston walionyesha kuwa wagonjwa wa upungufu wa damu unaoletwa na kukosa B12 walipona kwa kulishwa maini mengi kila siku, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Bibi zetu na supu ya maini hawakuwa mbali.

Si kila tumbo na ganzi ni B12. Kisukari chenyewe huharibu neva za miguu na za tumbo kwa pamoja: anashiba matonge mawili, anatapika chakula cha jana, anaharisha usiku. Mjamzito anayetapika wiki baada ya wiki, au mlevi asiyekula, anaweza kuishiwa vitamini B1, na huyo mpe B1 kabla ya dripu ya glukosi. Kuna pia metronidazoli, ambayo mtaani kila tumbo likikoroga ni amiba na kila amiba ni metronidazoli. Dozi zikirudiwarudiwa zinaweza kuleta ganzi zenyewe. Isoniazidi ya kifua kikuu bila B6, hivyo hivyo. Ganzi ya mkono mmoja inayomwamsha usiku, itafute kifundoni mwa mkono. Baka la ngozi lisilohisi kitu, fikiria ukoma, bado upo.

Mmoja asilale kwako hata usiku mmoja bila mpango. Kijana aliharisha wiki mbili zilizopita, akapona. Sasa vidole vya miguu vinachomachoma, jana alishindwa kupanda bodaboda, leo hainuki kitini. Gonga goti: nyundo inagonga, mguu umetulia. Hiyo ni Guillain-Barré, kinga ya mwili kushambulia neva, na bakteria wa kuharisha aitwaye Campylobacter ni miongoni mwa wanaojulikana sana kuiwasha. Ganzi hiyo hupanda, na ikifika kwenye misuli ya kupumua hutakuwa na la kufanya kituoni. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Akikatika kabla ya 20, gari la wagonjwa liwe limeshawashwa. Hata akifika 40, mpe rufaa siku hiyohiyo. Vilevile aliyekufa ganzi sehemu za siri na makalioni, choo na mkojo vimegoma: huyo si wa dawa ya kulainisha choo, ni uti wa mgongo, aende.

Kitu kimoja sikumwandaa nacho yule mama. Wiki ya tatu alirudi amekasirika, akaniwekea kadi mezani: "Mwanangu, sindano zako zinaniunguza miguu." Alitaka kuacha. Sehemu zilizokuwa zimekufa kabisa zilikuwa zimeanza kuchoma, na mimi nilikuwa sijamwambia kuwa baadhi ya wagonjwa hupitia hivyo mwanzoni. Ilibidi mjukuu amshawishi. Siku hizi naliandika kwenye daftari la mgonjwa kabla ya sindano ya kwanza, kwa herufi kubwa, na anayemsindikiza anasoma kwa sauti mbele yangu. Fimbo aliiacha mwezi wa saba. Ndala akanunua zenye mkanda wa nyuma.