Kabla Hujaongeza Kitufe Kingine, Nenda Makambako

Jumatano iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Mwanza. Yeye na wenzake wawili wametengeneza tovuti ya kushirikishana safari: unapandisha picha, unaandika ulikopita, na anayekuja nyuma yako anajua pa kulala na pa kula. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Tuna watu kama mia tatu. Kwenye toleo jipya tunataka kuweka video fupi, stori zinazofutika baada ya saa 24, ramani ya kuonyesha mtu alipo muda huo, na pointi za kushindania. Tuanze na ipi?"

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Orodha yake ni orodha yangu ya mwaka 2022, karibu neno kwa neno. Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili." Jibu lenyewe ndilo hili, na naliandika hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotengeneza vitu vya namna hii, na wote mnataka vikue.

Sisi tulianza 2019, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye, kwenye chumba kimoja Sinza. Tovuti ilikuwa ukurasa mweupe tu: kichwa cha safari, maandishi, picha, na mahali pa kuuliza maswali. Watu wakaja. Dada mmoja anayeleta vitenge kutoka Tunduma alikuwa akiandika nyumba za wageni zenye maji ya uhakika njia nzima mpaka Dar. Mwalimu wa Lushoto alituelekeza namna ya kwenda Irente kwa miguu kutoka mjini, kona kwa kona. Vijana wa Mtwara waliandika safari yao ya Kilwa Kisiwani mpaka namna ya kupatana na mwenye mashua. Na alikuwepo mzee wa Makambako, mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, aliyekuwa akisafiri kwenda kumwona binti yake na kuandika kila kituo: treni imeingia saa ngapi, imesimama dakika ngapi, kina mama wanauza nini dirishani. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na kipande cha Mlimba hadi Makambako kimejaa madaraja na mahandaki. Nilikijua kipande kile kwa maneno ya mzee kabla sijakiona kwa macho yangu.

Nasema haya kwa fahari. Hatukumlipa mtu hata senti, hatukutangaza popote, na watu walikuwa wakituandikia usiku wa manane wakiwa ndani ya mabasi.

Mwaka 2022 ikaja kampuni moja, ikasema iko tayari kuweka fedha. Masharti yao yalikuwa tovuti ifanane na nyingine kubwa. Kwenye kikao, mmoja wao alisogeza kompyuta yetu pembeni akasema, "Hii ni tovuti ya wazee." Neno lile liliniuma, na hata leo nikilikumbuka linaniuma. Lakini siku ile nililimeza, nikarudi Sinza na orodha ya vitu vitano: video zinazojicheza zenyewe, ukurasa wa mbele unaochaguliwa na mashine, ramani ya mtu alipo, pointi, na sura mpya isiyo na maneno mengi. Tukajifungia miezi minne. Tukaviachia vyote Ijumaa moja usiku, kwa mkupuo, kwa watu wote.

Malalamiko ya kwanza yaliingia kabla ya saa mbili asubuhi. "Kaka, nimefungua niangalie nauli ya Songea, bando la elfu moja limekata sijaiona hata hiyo nauli." Ulikuwa ujumbe wa mtu aliyekuwa kituoni, anataka kujua kama mpiga debe anamdanganya. Sisi tulikuwa tumeweka video tatu juu ya nauli.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Yule mwalimu wa Lushoto alikuwa na rafiki yake wa kike, msafiri wa peke yake, ambaye naye alijiunga kwetu. Ramani tuliiacha ikiwa imewashwa tangu mwanzo. Asiyetaka ilibidi aende mwenyewe kuizima, ndani kabisa ya mipangilio. Usiku wa pili wa safari yake, mtu asiyemjua alimwandikia akimtajia jina la nyumba ya wageni aliyolala. Hakumtisha, hakumwomba kitu. Alimtajia jina tu. Dada yule alikaa macho mpaka alfajiri, akaondoka na gari la kwanza, halafu akanipigia. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Nani aliwaambia nataka kuonekana?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, jambo hili halikuanzia kwetu. Januari 2018 dunia nzima iligundua kwamba ramani ya Strava, ile programu ya wakimbiaji, ilikuwa ikionyesha njia wanazokimbia askari ndani ya kambi zao huko Afghanistan na Syria. Kila mtu alidhani anarekodi mazoezi yake. Ikiwa jeshi lilijikuta limeanikwa hivyo, binti wa miaka 24 aliyelala peke yake mlimani atajilindaje? Na si ramani pekee. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake namba za mahali ilipopigwa, hata kama mwenyewe hakuandika neno. Usipoziondoa wakati wa kupandisha, mwenye kujua kuzisoma atazisoma.

La tatu halikuja na kelele. Mzee wa Makambako alinyamaza.

Wiki ya kwanza nikasema hajasafiri. Wiki ya tatu nikapiga simu, akaniambia kwa upole, "Nimejaribu mwanangu, labda macho yangu." Nikapanda basi.

Tulikaa ndani, maana baridi ya Makambako wenyewe mnaijua. Akavaa miwani, akatoa daftari la shule lililofunikwa kwa gazeti, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka kona ya juu. Daftarini safari yote alikuwa ameshaiandika kwa kalamu, saa upande wa kushoto, vituo upande wa kulia, chini yake bei ya ndizi. Akafungua tovuti. Video ya mtu anayejirusha baharini ikaanza kuzunguka, haifunguki, haiondoki. Akasubiri. Akateremka kwa kidole gumba. Kitufe cha kuandikia, ambacho zamani kilikuwa na neno, tulikuwa tumekigeuza alama ya kujumlisha, nyeupe, kwenye kona ya chini. Kwenye simu yake alama ile iliangukia pale pale panapojitokeza kibao cha kuomba ruhusa ya kujua alipo. Akibonyeza, anaombwa ruhusa. Akikataa, ukurasa unarudi juu na video inaanza upya. Alifanya hivyo mara nne mbele yangu, bila kulalamika, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lake mwenyewe. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, pa kuandikia mmepahamishia wapi?"

Miezi minne ya kazi, na hatukuwahi kukaa hata dakika kumi karibu na mtu anayeitumia tovuti yetu. Tuliijaribu kwenye simu zetu wenyewe, tukiwa Sinza, kwenye intaneti ya ofisi.

Tuliondoa karibu kila kitu. Kampuni ikaondoka na fedha zake, na rafiki yangu akaondoka pia. Alisema nimechagua daftari la mzee nikaacha maisha yetu. Hatuongei siku hizi. Nilichagua daftari, ndiyo, na ningelichagua tena.

Sasa basi, mdogo wangu wa Mwanza, umeuliza uanze na ipi. Anza kwa kwenda kukaa na mtu mmoja. Usimuulize anataka nini, maana atakujibu kwa adabu. Mwambie afanye anachofanya siku zote, wewe kaa pembeni ukiwa umefunga mdomo, uandike kila anapokwama. Kila kipengele kipya tulichoweka tangu siku ile kimetoka kwenye kukaa kwa namna hiyo, hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye kikao.

Kitufe kimerudi juu na kimeandikwa ANDIKA. Maandishi yanajihifadhi simuni kila baada ya sekunde chache, kwa sababu kule kwenye mahandaki mtandao hukata, na mzee alikuwa akipoteza ukurasa mzima. Ukipata mtandao, yanapanda yenyewe. Picha tunaipunguza ndani ya simu kabla haijaondoka: picha ya megabaiti 3 au 5 inashuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Wakati huohuo zile namba za mahali zinafutwa. Video ipo, ila haichezi mpaka uibonyeze, na kabla hujabonyeza unaona itakula kiasi gani.

Ramani ya mtu alipo tumeiua. Badala yake kuna kitufe cha "Nimeshaondoka": unaandika ukiwa njiani, lakini jina la mahali ulipolala halionekani na wengine mpaka ukibonyeze. Yule dada msafiri, rafiki wa mwalimu wa Lushoto, ndiye aliyelitoa wazo hili, na ndiye aliyelijaribu wa kwanza. Nilimwomba msamaha kabla sijamwomba msaada, nanyi fanyeni kwa utaratibu huo. Mkumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika nchini kwetu tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtu zinataka ridhaa yake, na kumwachia kitu kimewashwa asikokujua si ridhaa. Someni sheria hiyo kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni kidogo sana. Chini ya kila nauli na kila maelekezo kuna tarehe ya kuandikwa, na pembeni yake swali: "Bado iko hivi?" Aliyepita jana anabonyeza ndiyo au hapana. Basi. Tovuti za safari zinaoza kwa jambo hili. Kituo kikuu cha mabasi Dar kilihama Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, na muda mrefu baadaye kwetu bado kulikuwa na maelekezo ya "shuka Ubungo". Treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, ushauri wote wa "wahi basi la alfajiri" ulibadilika ndani ya wiki chache. Hakuna mhariri anayeweza kufuatilia hayo peke yake. Watu mia wakibonyeza wanaweza. Na hatuwapi pointi yoyote kwa kubonyeza! Wanabonyeza kwa sababu na wao waliwahi kusaidiwa.

Kuna jambo la mwisho, na hapa sitawaremba. Wape watu njia ya kuondoka na vitu vyao. Tovuti ya Panoramio ilikuwa na picha za watu wa dunia nzima, ikafungwa Novemba 2016. VirtualTourist, ambako wasafiri waliandika maelekezo kwa miaka na miaka, ikafungwa Februari 2017. Couchsurfing, iliyoanza 2004 kwa watu kulazana majumbani bure, iliweka ada Mei 2020 katikati ya corona, na wasiolipa wakakuta mlango umefungwa mbele ya kumbukumbu zao wenyewe. Mnadhani zenu zitadumu milele? Mimi sidhani hivyo kuhusu yangu. Kwetu sasa ukienda kwenye akaunti yako kuna "Beba vyako vyote": maandishi na picha zinashuka kwenye faili moja, bure, bila kuulizwa sababu. Rafiki yangu alikuwa akisema kipengele hicho kinawafundisha watu kuondoka. Tangu tukiweke, waliokitumia wengi wamerudi kuandika tena siku hiyohiyo. Picha ya mama yako akiwa ferini Kigamboni si mali yangu kwa sababu tu seva nalipia mimi. Ni yako. Anayeona vingine asishike kumbukumbu za watu, akafanye biashara nyingine.

Na msiachie vitu vyote kwa mkupuo usiku wa Ijumaa. Sisi siku hizi tunawafungulia watu kumi kwanza, kimoja kimoja, Jumanne asubuhi, wote tukiwa macho. Mmoja wa hao kumi ni lazima awe na simu yenye kioo kilichopasuka.

Mzee wa Makambako alirudi kuandika mwezi wa pili baada ya kile kitufe kurudi na neno lake. Mwaka jana alipanda SGR kwa mara ya kwanza kutoka Dar hadi Dodoma. Aliandika safari nzima kituo kwa kituo, na katikati akaweka aya ndefu kuhusu namna treni ya umeme inavyoondoka kituoni bila mshtuko wa mabehewa kuvutana, jambo ambalo mtu aliyefanya kazi relini pekee angelisikia mwilini. Watu wamebonyeza "Bado iko hivi" kwenye andiko lile kuliko jingine lolote tulilonalo.

Kijana wa Mwanza nilimtumia rasimu ya haya jana. Amenijibu kwamba ramani wameiweka kando, na kwamba Jumamosi wanavuka na meli kwenda Ukerewe kukaa na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, anayeandika kwao kila wiki. Ameniuliza abebe nini. Nimemwambia daftari na kalamu, na amwache mama atumie simu yake mwenyewe.