Maswali na Majibu: Chama cha Mtaa Kinapotaka Kupokea Wasanii wa Ziara

Barua za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni fedha za vyama vinavyopokea wasanii waliomo safarini. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba maswali ya wengi.

Bwana Mhariri, sisi ni asbl (chama kisichotafuta faida) ya vijana katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Kikundi cha teatro na ngoma kutoka Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kimetuarifu kwamba kitapita kuelekea Likasi na Kolwezi mwezi wa nane, na kingependa kucheza kwetu usiku mmoja. Kinaomba kashe, yaani malipo ya onyesho, ya dola 900 kwa watu sita, na kasha letu halina hata nusu yake. Tumwandikie nani barua ya kuomba ufadhili, na tuandike nini?
*Katibu wa chama, Katuba*

Ndugu Katibu, barua iwe kitu cha mwisho kuandikwa. Vyama vingi huanza na barua nzuri yenye maneno ya amani, vijana na utamaduni, kisha mfadhili anapouliza nani atalipa malazi ya wageni, kila mtu anamtazama mwenzake. Mfadhili wa kazi hizi hanunui nia njema. Analipia sehemu fulani ya gharama inayojulikana, kwa mfano sehemu ya kashe au nauli, na anataka kuona kwamba zile sehemu nyingine zina mwenyewe.

Kwa hiyo anzeni na kikundi chenyewe. Kitumieni rasimu ya mkataba yenye tarehe, mahali, urefu wa onyesho, kiasi cha kashe na siku ya kulipwa, anayelipia viza na safari, anayelisha na kulaza wageni, na kitakachofanyika onyesho likiahirishwa kwa sababu ya mpaka kufungwa au ugonjwa. Ombeni pia karatasi yao ya mahitaji ya kiufundi. Hiyo karatasi ndiyo inayoficha gharama. Kikundi kikiandika kwamba kinahitaji umeme usiokatika kuanzia saa kumi na mbili jioni, ninyi mnaoishi Katuba mnajua maana yake: jenereta ya kukodi, mafuta, na mtu wa kukaa kando yake mpaka mwisho. Kwa bahati, mwezi wa nane ni kiangazi, na uwanja wa shule unaweza kutumika bila kuogopa mvua, ingawa watazamaji watakuja na makoti.

Kisha pangeni bajeti. Tuchukue mfano wa kubuni: kashe dola 900, safari 360, malazi na chakula cha watu sita kwa siku tatu 450, vyombo vya sauti, taa na mafuta 340, matangazo, vibali na haki za utunzi 150. Jumla ni dola 2.200. Sasa mnaona kwamba kashe iliyowatia hofu haifiki hata nusu ya mzigo, na kwamba mfadhili akiwapa nusu ya kashe, bado mna dola 1.750 za kutafuta. Chama kinachoomba dola 900 kwa kudhani zinatosha kitaingia katika deni usiku uleule wa furaha.

Upunguzeni mzigo huo kabla ya kuomba. Kikundi kinakwenda Likasi, umbali wa kilomita 120 hivi, na kisha Kolwezi. Waandikieni wenyeji wa miji hiyo ili mgawane nauli ya kutoka Ndola na kupanga tarehe zinazofuatana, badala ya kila mmoja kulipia safari nzima ya kwake. Nendeni pia Halle de l'Étoile, nyumba ya Taasisi ya Kifaransa hapa mjini. Kama kikundi kinaweza kucheza huko usiku mmoja na kwenu usiku mwingine, malazi yanagawanyika, na mfadhili yeyote anayesoma dosie yenu anaona kwamba hamko peke yenu. Kwa maoni yangu, barua ya makubaliano kati ya wenyeji watatu ina nguvu kuliko kurasa kumi za historia ya chama.

Lipo jambo la pili ambalo wafadhili wengi huliona zito kuliko onyesho lenyewe, nalo ni lile litakalobaki kwa wenyeji. Kama wageni watashinda asubuhi moja na wanafunzi wa shule ya jirani wakifundisha mdundo au uigizaji, andikeni shule gani, saa ngapi, watoto wangapi, na mwalimu gani amekubali. Mji huu, uliowalea waigizaji wa Groupe Mufwankolo na teatro yao ya Kiswahili, haupungukiwi na vijana wanaotaka kujifunza jukwaa, na sijaona sababu ya kuliandika jambo hilo kwa maneno ya jumla.

Sasa makaratasi. Chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, asbl hupewa utu wa kisheria na Waziri wa Sheria, baada ya maoni mazuri ya waziri anayehusika na sekta ya kazi yake. Ikiwa dosie yenu bado iko njiani, msifiche. Ombeni parokia, shule au asbl nyingine iliyokamilika iwe mwombaji rasmi, nanyi muwe watekelezaji, kwa mkataba wa maandishi kati yenu. Msisahau SOCODA, shirika la haki za watunzi, kwa kuwa muziki unaochezwa hadharani una wenyewe hata pale ambapo kiingilio ni bure.

Na hapo ndipo barua inapokuja. Shirika la Kimataifa la Francophonie, ambalo Kongo ni mwanachama, limekuwa likisaidia safari za wasanii wa nchi za Kusini, lakini kikundi cha Zambia kinaweza kukosa sifa, kwa hiyo someni masharti kabla ya kutumia muda wenu. Mfuko wa serikali wa kukuza utamaduni, unaojulikana kama FPC, upo tangu mwaka 1987 na makao yake ni Kinshasa. Uandikieni, lakini tarehe ya onyesho isitegemee jibu lake. Kwa usiku mmoja wa mwezi wa nane, wenye maduka na hoteli za mtaa watawajibu mapema zaidi, na hoteli inayotoa vitanda vitatu ni mfadhili kamili anayestahili jina lake kuandikwa kwenye bango.

Bwana Mhariri, nimesoma kwamba huko Marekani kuna mifuko inayolipa nusu ya kashe kwa yeyote anayepokea wasanii wa ziara. Je, chama cha Ruashi kinaweza kuomba?
*Mwalimu, Ruashi*

Hapana, Mwalimu, hakiwezi. Mifuko hiyo ni ya vyama vya huko, na hata huko kila mmoja una mipaka yake. Taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani, National Endowment for the Arts, iliundwa mwaka 1965, na sehemu ya fedha zake hupitia mashirika ya kikanda. South Arts, iliyoanzishwa mwaka 1975, inahudumia majimbo tisa ya kusini. Arts Midwest, ya upande wa kaskazini-kati, nayo ina tisa yake. Chama cha Georgia, jimbo la kusini, hakiendi kuomba kwa mashirika ya kaskazini.

Hata hivyo, utaratibu wao unafaa kujulikana, kwa sababu wafadhili wengi wanaofika kwetu hufikiri vivyo hivyo. Mwombaji ni mwenyeji, si msanii. Msanii mara nyingi lazima atoke nje ya jimbo la mwenyeji, maana lengo ni kumsafirisha. Fedha huhesabiwa kwa kashe, hazihesabiwi kwa karamu wala kwa mishahara ya viongozi wa chama, na mwenyeji huweka kiasi chake kando ya kile anachopewa. Zaidi ya onyesho la hadhara hutakiwa shughuli ya kuelimisha. Hapo kwenye kiasi cha mwenyeji ndipo panapotaka uangalifu: baadhi ya wafadhili wanakubali mchango wa vitu, kama ukumbi wa bure au chakula kilichopikwa na akina mama wa mtaa, mradi thamani yake iandikwe na aliyetoa atie sahihi, wengine wanataka fedha taslimu pekee. Ulizeni kabla ya kujaza fomu.

Bwana Mhariri, kampuni za madini zinatakiwa na sheria kutoa asilimia 0,3 kwa ajili ya jamii. Kwa nini tusidai fungu letu kwa tamasha la wasanii?
*Mwenyekiti wa chama cha utamaduni, Kampemba*

Ndugu Mwenyekiti, ni kweli kwamba Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Lakini fedha hizo ni za jamii zinazoguswa na mradi wa madini, na husimamiwa na chombo maalumu ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii hizo huketi pamoja. Chama cha katikati ya mji kikibisha hodi huko na barua ya tamasha, kitajibiwa kwamba visima na zahanati vimetangulia, na sioni jinsi ya kulaumu jibu hilo.

Mlango wenu ni mwingine. Kampuni hizohizo zina idara za mawasiliano zenye bajeti ya matangazo na udhamini, na huko hamdai haki, mnapendekeza biashara: watu wangapi watakuja, jina lao litaonekana wapi, redio gani itatangaza. Msichanganye hoja hizi mbili katika barua moja. Tena, kabla ya kuomba, kaeni na wanachama mwamue ni jina gani mko tayari kulitundika juu ya jukwaa, kwa sababu mtaa wenye mgogoro na kampuni fulani kuhusu vumbi au maji hautasahau bango hilo.

Bwana Mhariri, mfadhili wetu anatupa asilimia 70 mwanzoni na 30 baada ya ripoti. Anataka risiti kwa kila kitu, lakini anayetuuzia mafuta kwa vibuyu hana kitabu cha risiti. Nifanye nini?
*Mweka hazina, Kamalondo*

Mama Mweka Hazina, mwandikie mfadhili leo, kabla ya kununua, umuulize kama anakubali desharji. Wengi wanaikubali kwa manunuzi madogo: karatasi yenye tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kitu kilichonunuliwa, jina na simu ya muuzaji, sahihi yake na yako. Kwa kiasi kikubwa nenda kituo cha mafuta, hata kama bei imezidi kidogo.

Kuhusu ile asilimia 30, wasanii wasiingojee. Wao wataondoka asubuhi inayofuata, na kashe yao ilipwe yote kutoka katika fungu la kwanza, kwa sahihi ya kiongozi wa kikundi. Gharama zinazoweza kusubiri, kama mchapaji wa mabango au mwenye viti anayekufahamu, ndizo zipangiwe fungu la mwisho, na waambiwe hivyo kabla viti havijapakiwa.