Maswali ya paketi yanayomkwamisha msakinishaji: tuyarekebishe vipi?

SWALI: Jambo fundi. Tuko wawili, mimi niko Goma, mtaa wa Himbi, mwenzangu yuko Bukavu. Tumetengeneza paketi ya .deb (faili la kusakinishia kwenye Debian na jamaa zake) ya programu ya daftari la dawa kwa vituo vya afya. Wakati wa kusakinisha, debconf (chombo cha Debian cha kumuuliza msakinishaji maswali) inauliza mambo matano: anwani ya serveri, porti, nenosiri, lugha ya risiti, na kama data ibaki. Wengi wanabonyeza Enter bila kusoma, wengine wanatupigia simu. Maandishi ya asili ni ya Kiingereza, na tafsiri ni za Kifaransa na Kiswahili. Swali la kwanza kwa Kiswahili linasema: “Tafadhali ingiza hapa anwani ya serveri ya hifadhidata ambayo programu itaitumia?” Chini yake: “Ninahitaji kujua anwani. Ukimaliza bonyeza OK.” La mwisho: “Hutaki data ifutwe paketi ikiondolewa?” Tuanzie wapi?

JIBU: Jambo ndugu. Kabla ya kunoa maneno, punguzeni maswali. Porti ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ni 5432 karibu kila mahali. Iwekeni kwenye `Default` (jibu la awali) na swali lenyewe mlipe kipaumbele cha `low`. Lugha ya risiti iteremsheni hadi `medium`. Debconf isipobadilishwa inaonyesha maswali ya `high` na `critical` tu, kwa hiyo hayo mawili yatapita kimya, na anayeyahitaji atayapata kwa `dpkg-reconfigure`, amri ya kuuliza maswali upya. Angalieni mtego mmoja: swali lisipoonyeshwa, `db_input` (amri ya kuuliza swali) inarudisha namba 30, na skripti yenye `set -e` (isiyovumilia kosa) inakufa papo hapo. Andikeni `db_input low daftari/porti || true`.

Sasa maneno. Sentensi yenu ya kwanza ina herufi 81, na terminali ya kawaida ina safu 80. Kichwa cha swali kikae karibu na herufi 50. Tena hapo hamuulizi kitu, mnaomba kijazwe. Aina za `string` (maandishi), `password` (nenosiri) na `select` (kuchagua) huandikwa kama lebo inayoishia na nukta mbili: “Anwani ya serveri ya hifadhidata:”, herufi 33, yatosha. Alama ya kuuliza iachieni `boolean`, swali la ndiyo au hapana.

Maelezo ya chini yana kazi ya kumwambia mtu asichokijua. Mnaweza kuandika hivi: “Andika jina la kompyuta au anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.10. Ikiachwa wazi, hifadhidata itawekwa kwenye kompyuta hii.” Hapo msakinishaji ameona sura ya jibu na ameelewa Enter itafanya nini. “Ninahitaji kujua” ifutwe, kwani programu si mtu. “Bonyeza OK” nayo ifutwe: debconf ina violesura kadhaa, na kwenye `readline`, kile cha maandishi matupu, hakuna kitufe cha OK. Vivyo hivyo msiandike “chagua Ndiyo”, maana kwenye kiolesura cha picha swali la `boolean` linakuwa kisanduku cha kutia tiki.

Swali la data ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. “Hutaki data ifutwe?” Anayefikiri kwa Kiswahili na anataka kuihifadhi atajibu ndiyo, yaani ndiyo, sitaki ifutwe. Mwenzake aliyezoea maswali ya Kifaransa, mwenye nia ileile, atajibu hapana, kwa sababu “non” ya Kifaransa ndiyo inayokubaliana na kanusho. Watu wawili, nia moja, majibu mawili yanayopingana, na skripti inasoma `true` au `false` tu. Mmoja wao atapoteza daftari la dawa la mwaka mzima. Ondoeni kanusho, na mtaje kitendo chenyewe: “Data ya dawa ifutwe paketi ikiondolewa kabisa?” pamoja na `Default: false`. Anayebonyeza Enter bila kusoma hapotezi kitu. Neno “kabisa” lina kazi yake pale: `apt remove` peke yake haitakiwi kugusa data, ni `apt purge` tu.

Nenosiri lisiwe na `Default`. Likishatumika katika `postinst` (skripti inayoendeshwa paketi ikishawekwa), lifuteni kwa `db_reset`, la sivyo litabaki ndani ya `/var/cache/debconf/passwords.dat`.

Marekebisho yote yaanzie kwenye Kiingereza ndani ya `debian/templates`, kisha mwendeshe `debconf-updatepo`, amri ya kusasisha mafaili ya tafsiri. Hapa wengi huumia: sentensi ya asili ikibadilika, hata koma moja, tafsiri yake inatiwa alama ya `fuzzy` (yenye shaka), na tafsiri ya `fuzzy` haiingii kwenye paketi. Msakinishaji wa Bukavu ataona Kiingereza. Kwa hiyo malizeni ubishi wote wa maneno kwanza, ndipo mtafsiri aanze `sw.po` na `fr.po`, mafaili ya tafsiri ya Kiswahili na Kifaransa. Kila aya ya maelezo ni kipande chake cha tafsiri. Aya hutenganishwa kwa mstari wenye nafasi na nukta. Yale mnayojua yatabadilika, kama namba ya toleo, yapeni aya yao.

Kwa lugha ya risiti tumieni `__Choices`, yenye alama `_` mara mbili mwanzoni, ili kila chaguo litafsiriwe peke yake. Thamani inayoifikia skripti ni ile ya Kiingereza hata kama mtu ameona Kiswahili, kwa hiyo mkirekebisha neno la chaguo, kagueni pia `case` (sehemu inayolinganisha majibu) iliyomo ndani ya `postinst`.

Pitisheni paketi kwenye `lintian`, mkaguzi wa paketi za Debian. Inakamata kichwa kirefu, nafsi ya kwanza na kutaja vitufe, ila inasoma Kiingereza tu. Kiswahili mtakisoma wenyewe, kwa sauti, mbele ya mtu ambaye hajaiona programu.

Kujaribu: tengenezeni kwanza lokali (mpangilio wa lugha) ya `sw_TZ.UTF-8`, kisha kama root (msimamizi wa mfumo):

`LC_ALL=sw_TZ.UTF-8 DEBIAN_FRONTEND=readline dpkg-reconfigure daftari`

Rudieni kwa `dialog` (kiolesura cha visanduku), kwenye dirisha la safu 80 na mistari 24. Mkitaka kusakinisha upya kana kwamba maswali hayajawahi kuulizwa, futeni kumbukumbu ya majibu kwa `echo PURGE | debconf-communicate daftari`. Mwisho jaribuni `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive`. Hapo hakuna anayesoma neno hata moja, na nenosiri litakuja tupu. `Postinst` ikianguka kwa sababu hiyo, ifanyeni itunge nenosiri la nasibu yenyewe.