Maswali ya Wasomaji: Kobe wa Changuu na Wenzetu wa Mashuani

SWALI

Shikamoo mshauri. Mwezi wa Agosti nilimpeleka mama yangu Unguja, kwa sababu tangu nikiwa mdogo alikuwa akisema kwamba angependa kuwaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu kabla macho yake hayajadhoofika. Kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kukodi mashua nzima, tulichangia na watu wengine tisa, sita kati yao wakiwa kundi moja. Tuliambiwa kwamba tungeondoka saa tatu asubuhi. Kundi lile lilifika saa nne kasoro dakika kumi, likiwa na spika kubwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyetuomba radhi. Njiani walipiga muziki mfululizo, na kijana mmoja alikuwa akisimama kila mara ili ajipige picha, hata mashua ikawa inalalia upande wetu na mama akashika ukingo kwa mikono miwili.

Kisiwani mambo yalizidi. Mwanamume mmoja alimketisha mtoto wake mgongoni mwa kobe, na mwenzake akawa anamgonga kobe mwingine gambani kwa funguo “ili atoe kichwa”. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepata majani ya kuwalisha, akicheka kwa sababu kobe aliyekuwa mbele yake alikuwa ameandikiwa gambani umri unaozidi wa bibi yangu, wakati wale watu walipoanza kuhimiza kwamba tuondoke upesi twende Nakupenda kabla maji hayajajaa. Tulikuwa tumekaa na kobe dakika 25 tu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ugomvi mbele ya mama. Je, nilikosea kunyamaza? Je, ningeweza kudai nirudishiwe sehemu ya fedha? Nataka kumrudisha mama, lakini naogopa kukutana na watu wa namna ile ile.

Mama Wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu, na nakupongeza kwa kumkumbuka mama.

Nianze na lile la kuharakishwa kwenda Nakupenda, kwa sababu ndilo lililowapunguzia muda wa kobe. Nakupenda ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni saa sita na ushei, na katika saa hizo ni chache tu ambazo fungu linakuwa kavu vya kutosha kwa watu kutandika mkeka na kula samaki wa kuchoma. Kwa hiyo dakika hamsini zilizopotea pale ufukweni hazikutoka hewani. Zilitolewa kwenye muda wa kobe, kwa kuwa kobe wanaweza kungoja lakini bahari haingoji. Wale waliochelewa ndio waliokuja kuwaharakisha ninyi mliofika mapema, na hapo naona una kila haki ya kukasirika. Hata hivyo, mahali pa kulizuia jambo lile palikuwa ufukweni, saa tatu na robo, kwa kumwuliza nahodha kwa upole mbele ya wote: “Nahodha, maji leo yanapwa saa ngapi, na tukiendelea kungoja ni kituo gani tutakachokikosa?” Swali kama hilo halimshutumu mtu, lakini humlazimisha mwenye chombo kuamua.

Nahodha ndiye wa kuambiwa, si abiria mwenzako. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kijana yule wa picha alikuwa karibu kulithibitisha hilo kwa vitendo. Mwezi wa Agosti ni msimu wa kusi, na upepo ukishapanda mkondo ule kati ya mji na kisiwa unaweza kuchafuka, ijapokuwa safari yenyewe haizidi nusu saa. Mtu anayesimama katika mashua iliyojaa watu si msumbufu tu, ni hatari, na hapo hukupaswa kunyamaza hata kidogo. Ungemwambia nahodha kwamba mama hana amani, naye angemketisha. Muziki ni jambo jingine. Muziki unaudhi lakini hauzamishi, nami ningeomba upunguzwe mara moja tu, kisha ningetazama maji.

Sasa tuje kwa kobe, ambako nakutofautisha kabisa wewe uliyeudhiwa na yule mnyama aliyeumizwa. Watu wengi hudhani kwamba gamba ni kama nyumba ambayo kobe amejibanza ndani yake, na kwamba ukiligonga au ukilikalia yeye hana habari. Si kweli. Gamba ni sehemu ya mifupa yake: uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, lina mishipa ya fahamu, na mapafu yake yapo chini yake tu. Anayegongwa kwa funguo anasikia, na aliyekaliwa anabeba mzigo ambao mwili wake haukuumbiwa kuubeba, hata kama yeye mwenyewe ana kilo zaidi ya mia mbili. Ndiyo maana watunzaji wa pale huwakataza wageni kuwapanda.

Tena wale si kobe wa kuokotwa kila mahali. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli, ambako asili yao ni visiwa vya Aldabra. Wakazaana vizuri kwa miaka mingi, kisha wezi wakaanza kuwachukua na kuwauza nje, hata ilipofika mwaka 1996 wakawa wamebaki saba tu. Ua ule mliouingia, ambao baadhi ya wageni huulalamikia kwamba unafanana na zizi, ulijengwa ili kuwalinda dhidi ya binadamu. Kwa hiyo unapomwona mtu akimgonga mmoja wao, unayo sababu ya kusema, na ningependa useme, ingawa kwa namna ambayo haitamfedhehesha mzazi mbele ya mtoto wake. Mimi huwaendea nikiwa na jani la mchicha mkononi: “Samahani baba, hapa hawaruhusu kuwapanda, lakini mtoto akimpapasa shingoni ataona ajabu.” Na kweli ni ajabu, kwa maana kobe mkubwa akikunwa shingo taratibu mara nyingi huinuka kwa miguu yote minne na kuinyoosha shingo juu, macho yakiwa nusu yamefumbwa, akabaki hivyo kama mzee anayekandwa mgongo. Sijawahi kumwona mtoto aliyetaka kurudi mgongoni baada ya hapo. Baba akikataa kusikia, mwite mtunzaji.

Kuhusu fedha, utofautishe ulichouziwa na ulichotarajia. Hukuuziwa tabia njema za abiria wengine. Kama uliahidiwa saa moja kisiwani ukapewa dakika 25, hilo unaweza kulidai kwa yule aliyepokea fedha zako, ambaye mara nyingi ni papasi, yaani mtu wa mitaani anayewatafutia wageni safari, au wakala wa mjini. Usimdai nahodha, ambaye huenda ni mtu wa ujira wa siku na hakuiona hata noti yako moja. Lakini baada ya wiki kadhaa, na bila karatasi, sikushauri upoteze nauli ya kwenda kulumbana.

Lazima nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, katika safari kama hiyo hiyo, nilimkwamisha mtembezaji wetu kwenye jengo la gereza lililopo hapo Changuu kwa maswali yasiyokwisha, kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno kusikia kwamba lilijengwa mwaka 1893 na halikuwahi kufunga wafungwa, bali kisiwa kikageuzwa kuwa mahali pa karantini, ambapo abiria wa meli walikaa siku kadhaa na wenzao ambao hawakuwachagua. Nilipogeuka, nilimwona dada mmoja amesimama juani na mtoto mgongoni, akiningoja mimi. Hakusema neno. Mpaka leo sura yake naikumbuka, nami kila nikisoma barua kama yako najiuliza kama yeye naye alimwandikia mtu.

Safari ijayo, watafute mapema watu wanne au watano unaowafahamu mkodi mashua yenu wenyewe, kwa kuwa bei ikigawanywa huwa haipishani sana na ile ya kuchangia. Chagua siku ambayo maji yanapwa mchana, ili asubuhi yote iwe ya kobe na Nakupenda iwe baadaye; kumbuka kwamba saa za maji husogea kwa dakika hamsini hivi kila siku, hivyo ratiba ya jirani yako ya wiki iliyopita haitakufaa. Mkifika kwenye fungu, mtu asitoe viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, majini kwa ajili ya picha. Mama avae viatu vya mpira, kwa sababu kupanda mashua pale mjini mara nyingi humlazimu mtu kukanyaga maji hadi magotini, na mchukue kanga ya ziada ya kujifutia.