Watoto wanaolala stendi, vikundi vinne kila mtu kivyake

Mkuu umeuliza hapo Mwanza mna kanisa, msikiti, bodaboda na wamama wa vikoba, wote mnahangaika na watoto wanaolala stendi ila hamuelewani, mfanyeje. Aisee kwanza acheni kushindana kugawa msosi. Kikundi chetu tulikuwa hivyohivyo, dogo mmoja alikuwa anakula pilau kwetu Ijumaa, Jumapili anakula kwa wenzetu kwa jina lingine, mwaka mzima hakuna aliyejua kwao wapi, kumbe bibi yake yuko Sengerema tu hapo ng'ambo!

Wekeni daftari moja: jina, katokea wapi, kilichomtoa nyumbani, nani anamfuatilia. Likae kwa mtu mmoja mnayemwamini, sio kurusha picha za watoto kwenye grupu la wasap. Bodaboda wapeni kazi ya usiku maana wao ndo wanaona sura mpya ikishuka kwenye basi, na mtoto wa siku ya kwanza kumrudisha ni rahisi kuliko aliyeshazoea kunusa gundi. Halafu msimsafirishe mtoto kienyeji, pitieni kwa afisa ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na ombeni nafasi kwenye kamati ya MTAKUWWA ya kata (ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto). Kama kuna kipigo pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nendeni dawati la jinsia polisi.

Hela za vikoba wekeni kwenye nauli na kumtembelea akishafika, maana kama baba wa kambo bado anapiga, dogo atawahi stendi kabla yenu.