Bangi ya Chumbani Marekani: Jibu kwa Mdogo Wangu Aliyepata Bahati ya Viza

Mdogo wangu,

Unaniuliza kama ni kweli kwamba hapa Minnesota mtu anaruhusiwa kupanda bangi ndani ya nyumba yake, na kama ni kweli, kwa nini mimi bado nabeba mizigo ghalani usiku badala ya kukaa nyumbani na kuvuna. Umeongeza kwamba shangazi ameambiwa kuna watu wa kwetu waliojenga kwa fedha za mimea hiyo, na kwamba wewe, kwa kuwa jina lako limetoka katika bahati nasibu ya viza, umekwisha kupanga kuanza nayo ukifika. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nusu ya habari hiyo ni ya kweli, na hiyo nusu nyingine inaweza kukunyima viza hata kabla hujapanda ndege.

Kweli yenyewe ni hii. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, sheria ya jimbo hili inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kupanda bangi nyumbani anakoishi, mimea isiyozidi 8 kwa nyumba nzima, na kati ya hiyo isiyozidi 4 ndiyo iwe imekomaa na kutoa maua kwa wakati mmoja. Mimea ikae mahali palipofungwa kwa kufuli, pasipoonekana na wapita njia. Unaruhusiwa kuitumia, na unaruhusiwa kumpa mtu mzima mwenzako kiasi kidogo bila malipo. Kuuza bila leseni huruhusiwi hata kidogo. Kwa hiyo hao waliojenga kwa bangi ya chumbani, ama hawakujenga, ama waliiuza kinyume cha sheria, na mtu aliyekuletea sifa zao hakukutakia mema.

Wala usidhani ni kilimo cha kutupa mbegu na kungoja mvua. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja, raia wa kuzaliwa hapahapa, ambaye viungo vyake vinamuuma usiku na bangi humpa usingizi. Mimea yake ilikuwa katika chumba cha chini ya ardhi, ndani ya hema la kitambaa cheusi lenye utando wa rangi ya fedha kwa ndani. Miche ikiwa inakua, aliiwashia taa saa 18 kwa siku. Alipotaka itoe maua, alizipunguza hadi saa 12, na hizo saa 12 nyingine giza lilipaswa kuwa giza kamili, kwa maana mwanga ukipenya mmea jike unaweza kuvurugika, ukaota vifuko vya dume na kujaza maua mbegu. Nilimkuta siku moja amepiga magoti akibandika kipande cha utepe wa gundi juu ya kitaa chekundu cha soketi, kitaa kisichozidi punje ya mtama. Kulikuwa na feni mchana na usiku, mashine ya kupunguza unyevu ili maua yasioze kwa ukungu, na kichujio cha mkaa cha kuzuia harufu. Mkaa ukichoka, harufu hupanda ngazi na kuingia kwenye makoti. Baada ya mavuno huja kazi ya kuyaning'iniza maua yakauke polepole, kisha kuyatia kwenye chupa za kioo zinazofunguliwa kila siku ili zipumue. Mzee aliipenda kazi hiyo, na kwa haki nasema aliifanya kwa uangalifu na kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake.

Ila sheria ya jimbo si sheria pekee inayotuhusu wewe na mimi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Uhamiaji uko mikononi mwa serikali kuu, na kwa sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970, kulima bangi nyumbani kwako, hata mche mmoja, ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Mzee yule hakuna anayemgonga mlangoni kwa sababu hiyo. Sisi wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi hapa kwa kudumu bila kuwa raia, hatungoji kugongewa mlango. Sisi wenyewe hujipeleka kwa maafisa, tukiwa na fomu mkononi. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kutengeneza, kulima, kuzalisha, kugawa au kuuza dawa za kulevya kinyume cha sheria ya jimbo, ya Marekani au ya nchi nyingine. Unajibu chini ya kiapo. Ukisema ndiyo, umekiri. Ukisema hapana ilhali ulilima, umesema uongo chini ya kiapo, na huo ni mzigo mwingine. Mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi kwamba kuvunja sheria ya serikali kuu kuhusu bangi kunaweza kumkosesha mwombaji sifa ya mwenendo mwema hata pale ambapo jimbo limeruhusu.

Na si uraia tu. Mwenye kadi ya kijani akienda nyumbani kuzika na kurudi, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kumhoji na anaweza kupekua simu yake. Kukiri kwa mdomo kwamba ulitenda kosa la dawa za kulevya kunaweza kutosha kukufanya usistahili kuingia, hata kama hujawahi kusimama mbele ya hakimu. Picha ya hema na taa, ambayo kwa mzee yule ni picha ya bustani, kwako ni ushahidi ulioubeba mwenyewe hadi kaunta.

Mzee alipolazwa hospitalini aliniomba nimwagilie mimea yake. Maji yenyewe aliyaacha tayari kwenye dumu, yamepimwa. Nilikataa. Alikuwa ameniazima koti la baridi nilipofika na hajawahi kunipandishia kodi, nami nikamnyima maji ya mimea, kwa sababu kumwagilia ni kulima na nilijua swali linalonisubiri. Alihuzunika, nami sikupata namna ya kumweleza ikaeleweka kwake, maana kwake sheria ilikwisha kusema ni halali. Wakili niliyemuuliza aliniambia kwamba kuishi humo pekee si kosa, lakini nikae mbali na funguo za chumba kile, na kama ninaweza, nihame. Nikahama. Chumba ninachokaa sasa kodi yake inakaribia mara mbili ya ile. Ndiyo sababu fedha za shangazi zilipungua, na sikumwambia sababu kwa kuwa sikutaka neno bangi litajwe karibu na jina langu.

Kwa hiyo njoo, mdogo wangu. Bahati hiyo wapo walioiomba miaka mingi bila kuipata. Usije kwa ajili ya mimea. Kabla ya mahojiano utapimwa na daktari, naye huuliza kuhusu dawa za kulevya, na majibu yako huingia kwenye faili. Fomu ya viza nayo inataka majina unayotumia mitandaoni, basi acha kuandika huko mipango yako ya kilimo, hata kwa utani. Usidanganye popote. Lakini pia usijisemee mambo usiyoulizwa. Ukipanga chumba hapa, uliza nani anaishi ndani na nini kimefungwa chini kwa kufuli. Nyumba zinazosaidiwa na serikali kuu nazo zina masharti yake, na kule bangi haikubaliki hata kwa raia.

Siku utakapokuwa raia, panda kama unataka. Itakuwa haki yako kwa sheria ya jimbo, na mimi sina ugomvi na mmea wenyewe. Na hata siku hiyo nitakuomba usipande, kwa sababu huenda mkeo atakuwa bado anangoja karatasi zake katika nyumba hiyohiyo, na swali la fomu litamwendea yeye.

Ukipangiwa tarehe ya mahojiano nijulishe mapema, nikutafutie wakili wa uhamiaji uzungumze naye kwa simu kabla ya siku hiyo. Gharama nitalipa mimi. Mwambie shangazi kwamba mwezi huo fedha zake zitachelewa, na safari hii mweleze na sababu.