Muulize Shangazi: Kumbe na Wazungu wana nuksi zao?

Shangazi shikamoo. Mi nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Asubuhi mteja wa kwanza akishikashika mzigo afu asinunue naona kabisa siku imeingia nuksi, na kukopesha kabla sijafungua, yaani sijauza cha kwanza, ndo sithubutu. Hela ya kwanza lazima niipitishe juu ya vitenge nikisema bismillahi. Mdogo wangu ananicheka eti ushamba, wakati yeye mwenyewe kanisimulia bosi wake Mwingereza huko Masaki akisema kazi inaenda vizuri anagusa mbao haraka haraka. Si yaleyale? Na nikiacha itakuwaje?
Muuza vitenge, Kariakoo

Marahaba mwanangu. Ni yaleyale, tena mwambie apunguze kucheka. Mwingereza anagusa mbao, Mmarekani anaigonga, Mtaliano anatafuta chuma, Mrusi anajifanya anatema mate mara tatu juu ya bega la kushoto, na Wapolandi ndo wamezidi, mbao yenyewe isiwe imepakwa rangi! Watakwambia ilitokana na mizimu ya kwenye miti huko Ulaya ya kale, stori tamu ila ushahidi hakuna, maandishi yanayojulikana ni ya juzijuzi tu, karne ya 19. Hofu yao ndo hiyohiyo inayotufanya tuseme mashallah mtoto akisifiwa, kwamba ukitaja heri kwa sauti kuna kitu kitasikia.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwafanya watu wajigambe kwa mdomo wao kwamba mabaya, kama ajali, hayawezi kuwapata wao wala watu wao, afu wengine wakagonga meza kwa kusukuma mkono mbali na mwili, wengine wakagonga kwa kuuvuta kuja kwao. Waliosukuma ndo roho zilitulia, na hata kurusha mpira tu kulisaidia, mbao wala haikuhusika. Kwa hiyo kinachoondoka ni woga, mauzo yako yako palepale.

Basi hela yako ipitishe mwanangu, haina gharama. Na kutokopesha asubuhi wala usiache, maana hapo nuksi inakufanyia kazi nzuri sana, jirani anakuja saa mbili kutaka kitenge cha mkopo, ukimwambia huna imani naye mnagombana, ukimwambia "bado sijafungua dada" anaelewa na anaondoka bila kinyongo. Ni kama wazee walivyokataza kufagia usiku eti unatoa riziki nje, na kweli kwa mwanga wa kibatari ungefagia hadi hereni.

Ila hilo la mteja wa kwanza ndo linakuumiza, na hapo sikuungi mkono. Kariakoo nani ananunua duka la kwanza? Anashika, anauliza bei, anazunguka mtaa mzima, afu anarudi kwa aliyemchangamkia. Wewe ushanuna, na wa pili akiingia anakuta sura hiyohiyo, siku ikiharibika unasema si nilijua! Kesho akija huyo wa kushikashika muulize anashona nini na ni ya shughuli gani, mtolee hata vitatu avione, mtajie bei yako ya mwisho, na akiondoka mwambie duka lako linaangaliana na nini ili akimaliza kuzunguka asipotee.